Mzio Wangu Ulivyoniponza Ruhwa

Wanafunzi wenzangu, nanyi kaka zetu mliokwisha kumaliza masomo, nimesoma katika gazeti letu hili habari nyingi za safari za likizo. Mmoja alipanda mlima, mwingine aliona bahari kwa mara ya kwanza. Habari yangu mimi ni ya sahani moja ya mboga. Lakini sahani ile ilikaribia kunitoa duniani, na kwa kuwa katika shule kubwa kama yetu hakosekani mwingine mwenye mwili kama wangu, naona si haki ninyamaze.

Mimi ni mzaliwa wa Urambo, katika mkoa wa Tabora. Waliosoma historia wanaijua Urambo. Pamoja na Kongwa na Nachingwea, ni mahali ambapo Waingereza walileta ule Mpango wa Karanga uliojulikana sana. Waliuanza mwaka 1947, wakaja na matrekta na mainjinia, na mwaka 1951 wakauacha baada ya kupoteza mamilioni ya pauni. Mpango ulikufa, lakini karanga tunazo hata leo. Twazila mbichi, twazila za kukaanga, twazitia katika kisamvu na mlenda. Basi ajabu ni kwamba katika nchi hiyo ya karanga nilizaliwa mimi, mtu ambaye mwili wake haukubali karanga hata chembe. Nilipokuwa na miaka mitatu nilinyweshwa uji uliotiwa unga wa karanga, nikavimba uso hata macho hayakuonekana. Tangu siku hiyo mama yangu ameniwekea sufuria yangu, mwiko wangu na sahani yangu. Watoto wa jirani waliniita Bwana Sili.

Watu wengi hudhani kwamba huku ni kudeka. La, si kudeka. Mwili wa kila mtu una askari wake, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu vya maradhi. Askari wa mwili wangu wamekosea: wakiona karanga hudhani ni adui, na vita wanavyopigana ndivyo vinavyoniumiza mimi mwenyewe. Ngozi huwasha na kutoka mabaka, midomo huvimba, koo huziba, damu hushuka nguvu, na mtu aweza kufa kwa muda mfupi. Wala kupika sana hakusaidii. Moto hauondoi ubaya huo katika karanga.

Desemba 2024 baba yangu mdogo, aliye fundi wa malori huko Ruhwa, aliniandikia niende kumtembelea. Nikafurahi sana, maana sikuwa nimepata kuvuka mpaka. Nilipita Kahama, nikavuka mto Kagera pale Rusumo, nikalala Kigali. Siku ya pili basi letu lilipita Huye, kisha likaingia katika msitu wa Nyungwe, ambao mwaka 2023 uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Ndani ya msitu ule baridi ilikuwa kali, na mbega walikaa matawini wakitutazama kama watu wa baraza. Tulipotoka msituni tukaingia katika mashamba ya chai, hata tukafika Kamembe, ukingoni mwa Ziwa Kivu. Kutoka hapo ni kuteremka tu, mpaka bonde la Bugarama, lenye mashamba ya mpunga na kiwanda cha saruji. Bonde hilo ndipo mahali pa chini kabisa katika Rwanda, na joto lake lilinikumbusha nyumbani.

Ruhwa ni jina la mto na la mpaka pia. Upande huu ni Rwanda, upande wa pili ni Burundi. Mto wenyewe huenda ukaingia katika mto Rusizi, na ng'ambo ya Rusizi ni Kongo. Burundi ilikuwa imeufunga mpaka mwezi wa Januari mwaka ule ule wa 2024, basi nilipofika mahali palikuwa kimya kuliko nilivyosimuliwa. Malori yalikuwa machache, na migahawa iliyozoea kujaa madereva ilikuwa na viti vitupu.

Siku ya tatu baba mdogo alikwenda Kamembe kutafuta vipuri, akaniachia fedha ya chakula. Mchana nikaenda katika mgahawa mmoja mdogo karibu na barabara. Nikamwamkia mwenye mgahawa "Muraho," kama nilivyofundishwa, naye akacheka kwa furaha, akanijibu kwa Kiswahili. Alikuwa mama wa makamo, mwenye maneno ya upole. Akaniambia kwamba kuna ugali wa muhogo, sambaza wa kukaanga, na sombe. Sambaza ni samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Ni ndugu hasa wa dagaa wetu wa Kigoma, maana walichukuliwa Ziwa Tanganyika wakapandikizwa huko mwishoni mwa miaka ya 1950. Sombe nayo ni kile kile kisamvu chetu.

Niliposikia kisamvu nikakumbuka masharti yangu. Nikauliza, "Mama, sombe hii ina karanga?"

Akanijibu, "Hapana mwanangu, hakuna kukaranga. Nimechemsha tu."

Neno lile "kukaranga" nililisikia, nikaliacha lipite. Nilidhani ndivyo Kiswahili cha huko kilivyo. Nikanawa mikono, nikakata tonge, nikachovya katika sombe.

Tonge la kwanza tu ulimi ukaanza kuwasha. Hapa, wenzangu, ndipo palipo kosa langu kubwa, nami nalikiri mbele yenu. Nilijua. Mwili wangu uliniambia, nami nikaona haya. Mama yule alikuwa amesimama karibu akinitazama kwa furaha, apate kuona kama mgeni amependa chakula chake. Nilikumbuka tulivyofundishwa tangu utoto kwamba mgeni hachagui, na kwamba kutema chakula mbele ya aliyekipika ni kumtukana. Nikameza. Kisha nikala tonge la pili kwa ajili ya adabu.

Halafu midomo ikawa mizito, na tumbo likanikata. Nikaongeza kosa juu ya kosa: badala ya kusema, niliinuka nikaenda nyuma ya nyumba ili nisionekane. Mwenye kuumwa namna hii hupenda kujificha, na huko mafichoni ndiko wengine hufia, kwa kuwa hakuna mtu wa kuwaona. Mimi Mungu alinihurumia. Kijana mmoja wa pikipiki aliyekuwa akiosha chombo chake aliniona nimeshika ukuta, uso umevimba, sauti imekwisha. Akapiga kelele. Nilikuwa na vidonge vya mzio mfukoni, nikameza kimoja kwa shida. Lakini vidonge vile hupunguza mwasho tu. Shambulio kubwa havilizuii. Wakanipakia juu ya pikipiki, mtu mmoja mbele na mmoja nyuma akinishikilia, tukaenda mbio mpaka kituo cha afya.

Mwuguzi hakuuliza maneno mengi. Akanilaza, akaniinua miguu, akanidunga sindano ya adrenalini katika paja, upande wa nje. Dawa hiyo ndiyo ya kwanza, na huenda mbele ya dawa zote kwa ugonjwa huu. Baada ya dakika chache nikaanza kuvuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini. Nikataka kwenda nyumbani, akakataa. Alisema shambulio laweza kurudi baada ya saa kadhaa, hata kama mtu hakula tena. Nikalala pale usiku kucha.

Asubuhi niliona jambo ambalo nimelifikiri sana. Mama mmoja alikuwa akimlisha mtoto wake aliyekonda uji mzito kutoka katika kifuko kidogo. Nilipouliza, nikaambiwa kwamba ni karanga zilizosagwa pamoja na maziwa, sukari na mafuta. Chakula cha namna hii kilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1996, na kimeokoa watoto wengi wenye utapiamlo. Nikasema moyoni, karanga hazina kosa. Zile zile zilizoniangusha mimi zinamsimamisha huyu.

Saa nne baba mdogo alifika, amefuatana na mama wa mgahawa na mzee mmoja jirani yake. Mama yule alikuwa akilia. Akasema, "Mwanangu, uliniuliza kama nimekaranga, nami sikukaranga!" Hapo ndipo tulipofumbuliwa fumbo. Kwa Kinyarwanda, gukaranga maana yake ni kukaanga. Karanga zenyewe huitwa ubunyobwa. Mimi niliuliza habari ya karanga, yeye akasikia habari ya kukaanga, na kila mmoja wetu alisema kweli. Unga wa ubunyobwa alikuwa ameutia katika sombe kama ilivyo desturi ya huko. Nikamwomba radhi, maana nilimtia hofu ambayo hakustahili.

Mzee yule akaniuliza nina ugonjwa gani. Nikamwambia, "Karanga ni mzio wangu." Akashtuka, akasema, "Umuziro!" Kisha akageuka akaongea na mama kwa Kinyarwanda, na mama akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Kumbe neno letu mzio na neno lao umuziro ni ndugu. Mzee akanieleza kwamba zamani kwao kila mtu alijua kwamba mwenziwe ana vitu asivyokula. Wanawake hawakula nyama ya mbuzi, ati wataota ndevu, na watu wengi hawakugusa kondoo. Miiko hiyo wengi wameiacha sasa, lakini adabu yake imebaki: mtu akisema kitu fulani ni umuziro wake, halazimishwi wala hachekwi. Mimi nilifikiri ugonjwa wangu ni jambo geni linalohitaji maelezo marefu ya kitabibu. Neno la Wazungu la ugonjwa huu lilitungwa mwaka 1906 na daktari Clemens von Pirquet wa Vienna. Neno la kwetu lilikuwa tayari mdomoni mwangu siku zote, nami sikulitumia.

Nilibaki Ruhwa siku nane zaidi, na huenda mtashangaa nikiwaambia kwamba nilikula katika mgahawa ule ule kila siku. Mama alininunulia sufuria ndogo mpya. Alinipikia ndizi, viazi na mayai, na sambaza aliwakaanga kwa mafuta mapya, si yale yaliyokwisha kukaangiwa vitu vingine. Kinu cha kutwangia ubunyobwa hakukitumia kwa chakula changu. Mzee akaniandikia karatasi kwa Kinyarwanda, nami ninayo hata leo.

Basi wewe mwenye mzio kama mimi, au mwenye ndugu wa namna hiyo, shika haya machache unapokula ugenini.

Kwanza, jifunze jina la mzio wako katika lugha ya mahali unapokwenda. Karanga huitwa njugu huko Mombasa, binyebwa kwa Waganda, ubunyobwa Rwanda, na ukivuka mto Ruhwa utasikia ibiyoba.

Pili, usiulize tu, "Kuna karanga?" Uliza, "Mama, umetia nini ndani?" Swali la kwanza hujibiwa kwa neno moja, na neno moja laweza kupotoka. Swali la pili hujibiwa kwa kutajiwa vitu vyote, na pengine utaonyeshwa chungu chenyewe. Kama ningeuliza hivyo, ningesikia: majani ya muhogo, mawese, vitunguu, ubunyobwa. Hata kama nisingeelewa neno la mwisho, ningeuliza maana yake.

Tatu, chagua chakula kinachoonekana kilivyo: ndizi, kiazi, yai, samaki mzima. Ogopa mchuzi mzito na mboga iliyosagwa, maana huwezi kujua kinachouzitisha.

Nne, mwulize daktari wako habari za sindano ya adrenalini kabla ya safari, na ujue kituo cha afya kiko wapi kabla hujanawa mikono. Katika Rwanda gari la wagonjwa huitwa kwa simu nambari 912.

Tano, ulimi ukiwasha, tema, useme kwa sauti, wala usijitenge na watu.

Hili la tano ndilo gumu kuliko yote, nami nimelijua kwa gharama. Siku ya kuondoka nilimwuliza mama yule, kama ningetema tonge lile mbele yake, angefanyaje? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. Akasema, "Ningekasirika kidogo, halafu ningekupa maji. Lakini ungekufa mezani kwangu, ningefunga mgahawa huu nisiufungue tena." Kisha akanifungia ndizi mbivu za njiani, akanihesabia moja moja mkononi, nikapanda basi.