Majengo, gunia na simu ya Moba

Ukimwambia mtu wa Dar unakwenda Sumbawanga, anakuangalia mara mbili halafu anauliza kama umejikinga. Kisa jina tu, maana wenyewe husema lina maana ya "tupa uchawi". Sasa jamani, mji unaotangaza kuutupa uchawi ndio unasingiziwa kuufuga? Tuyaache. Mimi nilikwenda Majengo, na kilichoniacha mdomo wazi huko ni mahindi.

Asubuhi ya Majengo ina baridi ya kukufanya umpende mama wa chai. Vijana walikuwa wanapakia Fuso, magunia ya lumbesa yamefura kama mjomba aliyetoka kwenye pilau. Pembeni amekaa mnunuzi, mzee wa makamo, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo mzee. Mzigo wa Dar huu?"

"Marahaba kijana. Huu unashuka Kasanga."

Kasanga ni bandari ya Ziwa Tanganyika, kama kilomita 110 kutoka mjini, unapitia Matai. Kutoka pale mzigo unavuka kwa maji kwenda Kongo, Moba na hata Kalemie. Basi mzee akaniambia bei ya gunia lile haipangwi Majengo, inapangwa na simu. Wa Moba akipiga akisema kumetulia, Fuso inaondoka. Akisema watu wanakimbia, Fuso inalala, kuli anarudi kwake mikono mitupu, na mama wa chai anabaki na chapati zake.

Si maneno ya kijiweni hayo. Vita ya Kongo ilipolipuka upya Agosti 1998, ziwa lilituletea wakimbizi badala ya wateja.

Wafipa somo hili walilipata kabla ya babu zetu. Miaka ya 1840 Wangoni wa Zwangendaba waliivamia Ufipa, na Zwangendaba mwenyewe akafia huku huku. Baadaye falme mbili za Kifipa, Nkansi na Lyangalile, zikavutana mpaka zikachoka. Mskochi Joseph Thomson alipopita mwaka 1880 alikuta watu wa jembe, wanaofuma nguo zao za pamba. Muda wa kufuma unatoka wapi kama usiku unalala na mkuki?

Wakubwa nao wanajua. Desemba 2006 marais wa Maziwa Makuu walitia saini Nairobi mkataba wa usalama, utengamano na maendeleo. Wino ulikauka vizuri tu. Januari 2025 waasi wa M23 wakaichukua Goma, na Desemba mwaka huo wakaingia Uvira, ncha ya kaskazini ya ziwa hili hili linalobeba magunia ya Majengo.

Nikamuuliza mzee, kwa hiyo kukiwa na amani mambo safi? Akacheka. Akanikumbusha mwaka 2017, Serikali ilipozuia mahindi kwenda nje: hakuna risasi hata moja, na gunia bado lilikosa mnunuzi. Hapo nami nasema, mkulima anaweza kufungiwa mlango hata na watu wa nyumbani.

Ila la risasi ndilo linalomnyima usingizi. Mwanawe wa pili yuko Moba, anasimamia stoo. Tangu habari za Uvira, mama yake anampigia kila jioni.

"Na wala haulizi bei," mzee akasema.