Mkono wa Upinde

Mjomba wangu alipigwa na kiharusi miezi 14 kabla ya haya ninayoyaeleza. Kilimchukua upande wa kushoto. Mguu ulirudi kidogo kidogo, uso ukarudi, na maneno hayakuwahi kuondoka. Vidole vya mkono wa kushoto ndivyo vilivyobaki vimekunjika. Mjomba alipiga fidla katika taarab kwa zaidi ya miaka 30, na kwenye fidla mkono wa kushoto ndio unaotafuta noti. Fidla ikatiwa ndani ya mkoba wake, ikapandishwa juu ya kabati, na pale nyumbani Kikwajuni hakuna aliyeitaja tena.

Mimi nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya muziki, Dar es Salaam. Rafiki niliyesoma naye shahada ya kwanza akaniomba muziki wa filamu yake ya dakika 12 kuhusu wanawake wanaolima mwani. Alitaka fidla, tena fidla za Unguja. Lakini bajeti yake ilitosha kumlipa mtu mmoja tu. Wapigaji wanne, studio, nauli na chakula, asingeweza. Nikamwambia nitatumia sampuli. Sikumwambia mjomba. Miaka miwili nyuma kazi ile ingekuwa yake na wenzake.

Maktaba ya sampuli za okestra ni rekodi za watu halisi. Walikaa ukumbini, wakapiga noti moja kwa sauti ya chini kabisa, wakairudia kwa sauti ya wastani, wakairudia tena kwa nguvu, kisha wakahamia noti inayofuata. Ukibonyeza kinanda, kompyuta inakuchagulia rekodi. Nilibonyeza, nikarekodi dakika tatu, nikasikiliza. Zilitoka fidla za kinanda cha harusini.

Kosa langu lilikuwa la mtu aliyelelewa kwenye piano. MIDI, lugha ambayo vyombo vya muziki na kompyuta zimekuwa zikiitumia kuzungumza tangu mwaka 1983, hupima kasi ya kidole kinaposhuka kwenye kinanda. Kipimo hicho huitwa velositi, na kwa piano kinatosha. Nyundo ikishagonga uzi, mpigaji hana tena cha kuifanyia ile sauti isipokuwa kuiachia au kuizima. Fidla haigongwi. Sauti yake inaendelea kutengenezwa kwa muda wote upinde unapokuwa kwenye uzi, na kila sehemu ya sekunde mpigaji anaamua upya. Mimi nilikuwa naamua mara moja tu, mwanzoni mwa noti, kisha nangoja iishe.

Kwa uamuzi unaoendelea, MIDI ina vidhibiti, na kila kimoja kina nambari yake na ngazi 128, kuanzia 0 hadi 127. Nambari 7 ni ujazo wa sauti wa chaneli nzima. Nambari 11 inaitwa ekspresheni, na kazi yake ni kupandisha na kushusha sauti ndani ya ule ujazo uliokwisha kupangwa. Nambari 1 ni gurudumu la modulesheni lililo pembeni ya kinanda. Wiki nzima nilizichanganya zote tatu. Nilikuwa nikitumia nambari 7 kwa hisia, halafu nikitaka kusawazisha fidla na udi, kila mstari niliouchora unaharibika.

Nikajifunza kuzitenganisha. Nambari 7 unaipanga mara moja, kama kumpa mwanamuziki kiti karibu au mbali na jukwaa, na hapo unaiacha. Nambari 1, katika maktaba nyingi za nyuzi, haiongezi ujazo peke yake. Inakutoa kwenye rekodi ya sauti ya chini, inakupitisha kwenye ya wastani, inakufikisha kwenye ya nguvu, na rangi ya sauti inabadilika njiani, kwa sababu uzi uliokandamizwa una ukali ambao uzi uliopapaswa hauna. Nambari 11 inaongeza au kupunguza bila kugusa rangi hiyo. Fikiria mtu anayepiga kelele nyuma ya mlango. Ukiufunga mlango utamsikia kwa mbali, lakini utajua bado anapiga kelele. Mlango ni nambari 11. Nambari 1 ni koo lake.

Nikanunua kisanduku kidogo chenye vitelezi vinane, cha mtumba. Kitelezi cha kwanza nikakipa nambari 1, cha pili nambari 11. Fidla za nyuma zikaanza kusikilizika. Fidla ya mbele, ile ya mtu mmoja, ikaniletea kioja. Kila kitelezi kilipofika katikati, nilisikia watu wawili. Rekodi mbili zilikuwa zinapishana, moja inaondoka na nyingine inaingia. Kwenye kundi la watu wengi haionekani, kwa mtu mmoja haifichiki. Dawa yake ni kutokaa pale katikati, upite haraka, na mguso wa mwisho uufanye kwa nambari 11.

Likizo ilipofika nikavuka na boti, laptopu na kisanduku mkobani. Siku ya tatu nilikuwa nafanya kazi ukumbini, mjomba akapita na mkongojo wake, akasimama.

"Anayepiga nani?"

"Kompyuta, mjomba."

"Nimekuuliza anayepiga."

Nikamweleza kuhusu maktaba, na mtu wa Ulaya aliyerekodiwa noti moja moja. Akaketi. Akanitaka niirudie. Mara ya pili akafumba macho.

"Huyu upinde wake hauishi?" akasema. "Tangu umeanza yuko palepale. Upinde wa mtu una mwisho, mwanangu. Ukifika mwisho unageuka."

Mkono wake wa kulia ulikuwa umeinuka bila yeye kuuhisi. Alikuwa anaonyesha hewani. Hapa unageuka. Hapa usiumalize, bakisha, mwimbaji anataka kuingia.

Nikamsogezea kisanduku. Akakataa, akasema hachezi michezo ya watoto. Kesho yake baada ya sala ya alasiri alikuja mwenyewe akaketi, na hakuna kati yetu aliyeuliza.

Nilijiona mjanja. Nikakigeuza kisanduku ubavu ili kitelezi kiende kulia na kushoto, kama upinde. Ikawa balaa. Alikivuta na kukirudisha, na fidla ikalia kama king'ora. Akajaribu tena, ikalia vilevile. Akaondoa mkono.

"Hiki hakijui kupiga," akasema, akanyanyuka.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimempa mtu aliyepoteza fidla kitu kinachomkumbusha kwamba ameipoteza. Nikiwa kitandani ndipo nilipoelewa nilipokosea. Upinde unatoa sauti kwa mwendo, ukisimama sauti inakatika. Kitelezi hakijui mwendo, kinajua mahali kilipo tu. Kikisimama kwenye 90, kitabaki kwenye 90 mpaka asubuhi. Nilikuwa nimelinganisha kitelezi na urefu wa upinde, na ulinganisho huo haupo. Kinafanana na kitu kingine kabisa, ule uzito ambao kidole cha shahada kinautia kwenye mti wa upinde.

Asubuhi nikakirudisha kisanduku wima. "Mjomba, usikivute. Kikandamize. Juu ni uzito, chini ni kuachia."

Aliweka kidole. Noti ya kwanza ilianza bila kusikika, ikaja, ikajaa, na kabla haijafika mwisho akaiachia kidogo, mahali upinde ungegeuka, akaikamata tena. Dada yake, yaani mama yangu, alitoka jikoni na mwiko mkononi akasimama mlangoni.

Tukagawana kazi. Mimi nilibonyeza noti kwa mkono wa kulia. Kwa wa kushoto nilishika gurudumu la kupinda sauti, kwa sababu maktaba ilirekodiwa kwa noti za piano, na maqam rast inataka noti ya tatu ikae kati ya vibonyezo viwili. Gurudumu hilo lina ngazi 16,384, kwa hiyo hapo nafasi ilikuwepo, kilichokosekana ni sikio langu. "Juu mno," alikuwa akisema. "Teremsha. Umepita." Nilikuwa nachelewa mara kwa mara. Nilipotazama mstari wake kwenye skrini niliona sababu. Yeye alianza kupanda kabla noti haijafika, mimi nilikuwa nangoja niisikie kwanza.

Tulirekodi siku nne. Kila siku mkono ulichoka baada ya nusu saa, na mwisho wa kila rekodi mstari ulianza kutetemeka, meno madogo ya ngazi tatu au nne. Niliporudi Dar es Salaam rafiki yangu alisikiliza, akafurahi, akasema tu kuna sehemu mbili ambapo fidla inayumba. Nikachukua kalamu ya programu nikazinyoosha. Dakika tano hazikufika.

Nikamtumia mjomba kazi iliyokamilika. Akapiga simu jioni.

"Dakika ya saba pale umenifuta."

Sikuwa nimemwambia. Nikajitetea, nikataja mwenye filamu, nikataja muda.

"Kazi ni ya mwenye filamu," akasema. "Lakini ile ya kwanza usiitupe."

Likabaki suala la majina mwishoni mwa filamu. Rafiki yangu aliuliza aandike nini. Kuandika kwamba mjomba alipiga fidla isingekuwa kweli. Kutomwandika ingekuwa uongo mkubwa zaidi. Nikamuuliza mwenyewe. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Andika upinde." Ndivyo ilivyoandikwa, neno moja na jina lake, na malipo tuligawana nusu kwa nusu.

Kisha akauliza lile nililokuwa naliogopa tangu mwanzo. "Na wenzangu?"

Fidla za nyuma zote zilikuwa za maktaba. Wenzake watatu bado wako Unguja, vidole vyao vizima, na kazi za harusi si kama zamani. Sikuwa na jibu. Nilisema bajeti, naye akasema anaelewa, kwa sauti ya mtu anayefunga mazungumzo.

Sijaacha sampuli, na bila hizo ile filamu isingekuwa na fidla hata moja. Lakini sasa kabla ya kukubali kazi ninauliza kama kuna pesa ya mpigaji mmoja, ninauliza mapema, kabla sijamwonyesha mtu kwamba naweza kufanya bila yeye. Mara mbili nimejibiwa hakuna. Mara ya tatu ilikuwepo, na mjomba ndiye aliyechagua aitwe nani kati ya wale watatu.

Kwenye laptopu yangu mradi ule una njia mbili za fidla ya mbele. Moja imenyooshwa na imezimwa. Nyingine ina meno yake yote. Nikienda Kikwajuni mjomba huuliza kama nimekuja na kisanduku, na mkoba wa fidla uko palepale juu ya kabati. Safari iliyopita niliona umepanguswa vumbi.