Shahidi wa Mkiani

Kumbukumbu ya vita haigawanywi kwa haki. Katika Vita vya Pili vya Dunia watu 55,573 waliorusha ndege za kutupa mabomu chini ya amri ya Uingereza walikufa, wengi wao vijana. Na walioangukiwa na mabomu hayo nao walikuwa na majina. Aghalabu ndege iliangamia na wote waliokuwamo, asibaki mtu wa kueleza nani alitenda nini katika dakika za mwisho. Andrew Mynarski hakupotea hivyo, na sababu yake ni ya ajabu.

Alizaliwa Winnipeg, Kanada, mwaka 1916, mtoto wa wahamiaji wa Kipolandi. Baba yake alipokufa, kijana alishika kazi ya ngozi za manyoya ili nyumba isilale njaa. Mwaka 1941 akaingia jeshi la anga la nchi yake. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Juni, 1944, alikuwa mpiga bunduki wa mgongoni katika ndege ya Lancaster yenye watu saba, iliyokwenda kupiga njia za reli za Cambrai, Ufaransa. Rafiki yake, Pat Brophy, alikaa peke yake mkiani, ndani ya kibanda cha bunduki. Inasimuliwa kuwa walipokuwa wakingoja kuondoka Mynarski aliokota mmea mdogo wenye majani manne, ambao kwao ni dalili ya bahati, akampa Brophy.

Ndege ya Wajerumani iliwashambulia gizani. Injini mbili za kushoto zilizimika, moto ukashika, rubani akaamuru watu waruke. Mynarski alikuwa tayari kutoka alipotazama nyuma akaona mwenzake amenaswa: kibanda hakigeuki. Akapita motoni. Alipiga kwa shoka, akavuta kwa mikono mitupu, huku nguo zake na mwavuli wake vikiwaka. Brophy akampungia mkono aende zake. Ndipo aliporudi kinyumenyume katika moto, asimpe rafiki yake kisogo. Akasimama wima, akapiga saluti, akaruka. Wafaransa waliokuwa chini waliona mtu akishuka kama mwenge. Alikufa kwa majeraha ya moto, umri wake miaka 27.

Wenzake sita wote walinusurika. Hata Brophy: ndege ilipogonga ardhi alirushwa nje, akainuka hai. Basi shoka lile halikumwokoa mtu, na mwenye kupima matendo kwa matokeo aweza kusema kuwa Mynarski alikufa bure. Hesabu yake ni sahihi, lakini ni hesabu ya dukani. Lau Brophy angalikufa, saluti ile isingalijulikana kamwe, maana hapakuwa na jicho jingine lililoiona. Maneno ya mtu huyu, aliyeokolewa na kuanguka kwenyewe, ndiyo yaliyomletea marehemu nishani ya Victoria Cross mwaka 1946.

Kaburi la Mynarski liko Méharicourt, kaskazini mwa Ufaransa. Huko Hamilton, Kanada, Lancaster moja iliyosalia imepewa jina lake, na ubavuni imeandikwa herufi za ndege ile iliyoanguka: VR-A.