Gari la Bara katika Hewa ya Pwani

Datsun 240Z, gari la spoti la milango miwili ambalo kampuni ya Nissan ililitoa kwa soko la Japani mwishoni mwa mwaka 1969 kwa jina la Fairlady Z, kisha ikaliuza nchi za nje likiwa na injini kubwa zaidi, lilijipatia Afrika Mashariki sifa ya pekee kwa kushinda mashindano ya Safari Rally mara mbili: mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann akisaidiwa na Hans Schüller, na mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akisaidiwa na Lofty Drews. Ushindi wa pili haukuwa wa kawaida, kwani Mehta na Harry Källström wa Uswidi, aliyeendesha Datsun ya aina nyingine, walimaliza wakiwa na alama za adhabu zilizolingana, ikabidi mshindi apatikane kwa kuangalia ni nani aliyekaa muda mrefu zaidi bila kuadhibiwa, kanuni ambayo wapenzi wa mbio wa enzi ile hawajaacha kuibishania. Sifa hiyo ilipandisha bei ya kila gari la aina hiyo lililosalia nchini Kenya, hata yale ambayo hayakuwahi kushindana popote, na mwandishi wa tawasifu hii analitaja jambo hilo mapema kwa kuwa naye alilipia sehemu ya sifa hiyo.

Mwandishi aliingia katika ufundi wa magari mjini Mombasa mwaka 1974 akiwa mwanagenzi, yaani kijana anayejifunza kazi chini ya fundi mkuu kwa posho ndogo, katika gereji moja ya Shimanzi iliyohudumia malori ya bandarini pamoja na magari madogo ya makarani na wafanyabiashara. Wanagenzi wa wakati huo hawakuruhusiwa kugusa injini mpaka wamalize kipindi kirefu cha kuosha vipuri kwa mafuta ya taa na kumshikia fundi taa ya mkono, na utaratibu huo, ambao vijana wa sasa huuona kuwa ni uonevu, ulikuwa na faida yake, kwa kuwa mtu alizoea kukiona kifaa kilichochakaa kabla hajafundishwa namna kinavyofanya kazi kikiwa kizima. Magari yaliyofika kwa wingi yalikuwa Datsun 1600 na 160B, yenye injini ya L16, nayo injini ya 240Z, iitwayo L24, ni ya ukoo uleule, maana kipenyo cha silinda ni milimita 83 na mwendo wa pistoni ni milimita 73.7 katika zote mbili, tofauti ikiwa kwamba L16 ina silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 1,595, ilhali L24 ina silinda sita na ujazo wa 2,393. Kwa hiyo miaka aliyoitumia kufungua injini za magari ya makarani ilimfundisha mwandishi injini ya gari la spoti kabla hajawahi kulimiliki, na miongo kadhaa baadaye, vipuri vya gari hilo vilipokuwa adimu, ringi za pistoni na roka, yaani vile vikono vinavyosukuma valvu, alizipata katika akiba za zamani za L16 kwenye maduka ya Kirinyaga Road, Nairobi, ambako wazee bado waliuita mtaa huo Grogan.

Gari lenyewe alilinunua mwaka 2014 kutoka shamba moja karibu na Nakuru, baada ya kuwa na gereji yake kwa muda mrefu na kukata tamaa ya kupata jingine kwa njia ya bandari, kwa kuwa kanuni za Kenya haziruhusu uingizaji wa kawaida wa gari lililozidi umri wa miaka minane, na hivyo magari ya kale ya spoti yanayotembea nchini ni yaleyale yaliyokuwamo tangu zamani, yakibadilisha wenyewe tu. Lilikuwa limewekwa bandani miaka mingi, na lilipakiwa kwenye lori hadi Mombasa, kwani fundi mwenye busara haendeshi gari ambalo hajalifungua breki. Hapa pana jambo ambalo mwandishi angependa lieleweke na wanunuzi wa magari ya namna hii: gari kuukuu halifiki kwa mwenyewe mpya likiwa kama lilivyotoka kiwandani na likiwa limechakaa tu, bali hufika likiwa limetengenezwa na kutengenezwa upya na mikono mingi, kila mkono ukiwa umelirekebisha lifae mahali lilipokuwa, fedha zilizokuwapo na vipuri vilivyopatikana, na kazi ya mwanzo ya fundi ni kuisoma mikono hiyo kabla ya kufungua nati ya kwanza.

Breki ndizo zilizotangulia. Mafuta ya breki hufyonza unyevu kutoka hewani, na unyevu huo hushusha kiwango chake cha kuchemka: mafuta ya daraja la DOT 3 yanapokuwa makavu hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishalowa yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140, na mafuta yaliyochemka hutoa mvuke ambao hubanwa kwa mguu bila kuisukuma breki yoyote, jambo ambalo dereva huligundua akiwa mteremkoni. Katika gari hili, lenye breki za diski mbele na za drumu nyuma, mafuta yalikuwa yamegeuka rangi ya chai na pistoni za silinda za nyuma zilikuwa zimeshikwa na kutu, kwa hiyo mfumo wote ulifunguliwa, mipira ikabadilishwa, na mafuta mapya yakapitishwa hadi mapovu yakaisha. Mwandishi, kwa kuwa anaishi katika mji ambao nguo haikauki vizuri msimu wa masika, hubadilisha mafuta hayo mapema kuliko vitabu vinavyoagiza, na haoni haya kuwadai wateja wake wafanye vivyo hivyo.

Kazi iliyochukua jasho jingi kuliko zote ilikuwa ya pini za nyuma. Kila gurudumu la nyuma la 240Z hushikwa na mkono wa chini ambao umeunganishwa na mhimili wa springi na shoki kwa pini moja ndefu ya chuma, inayopita katikati ya tundu la chuma cha kusubu na kushikwa na bushi za mpira kila upande, na kwa kuwa pini hiyo haikupewa njia ya kupakwa grisi, maji huingia, kutu huota, na baada ya miaka pini na tundu lake huwa kitu kimoja. Kupasha moto huunguza bushi, nyundo huharibu ncha zenye nyuzi, na presi ya kawaida huikunja pini kabla ya kuitoa. Mwandishi alimwendea mkereza, yaani fundi wa mashine ya kuchongea vyuma, akachongewa bomba nene na boliti ngumu ya kuivuta pini badala ya kuisukuma, kisha akailowesha kwa mafuta mepesi usiku baada ya usiku, akikaza kidogo kidogo. Moja ilitoka nzima. Nyingine ilibidi ikatwe kwa msumeno wa chuma pande zote mbili za chuma cha kusubu na kipande kilichobaki kitobolewe katikati, na pini mpya zikapakwa grisi kabla ya kuingizwa ili fundi ajaye asilaani.

Hata hivyo, mambo ya breki na pini ni ya kila gari kuukuu, na yasingetosha kuandikwa kama si tatizo lililojitokeza gari lilipoanza kuendeshwa. Gari liliwaka bila shida na kutulia vizuri, lakini lilipopanda mlima kutoka Miritini kuelekea Mazeras lilianza kugonga, yaani kutoa ule mlio mkali wa chuma unaosikika mchanganyiko wa petroli na hewa unapolipuka ovyo ndani ya silinda, na plagi zilipofunguliwa zilikuwa nyeupe, dalili ya petroli kupungua na joto kuzidi. Fundi asiyejua gari lilikotoka angetafuta kabureta iliyoziba au pampu iliyochoka. Chanzo kilikuwa Nakuru, mji ulioko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa hupungua kwa karibu sehemu moja ya tano ikilinganishwa na Mombasa. Katika hewa hafifu kabureta hutoa petroli nyingi kuliko inavyohitajika, na cheche hulazimika kutangulia kidogo kwa sababu mchanganyiko huungua polepole, kwa hiyo fundi wa bara, ambaye mwandishi hakuwahi kumjua ila kwa kazi yake, alikuwa amepunguza petroli na kutanguliza cheche, na kwa Nakuru alikuwa amefanya sawasawa kabisa. Gari lilipoteremshwa baharini, marekebisho yaleyale yakawa sumu yake.

Kabureta za gari hili ni mbili, za Hitachi, zilizoundwa kwa mfano wa SU za Kiingereza, na namna yake ya kufanya kazi yafaa kuelezwa, kwa kuwa vijana waliozaliwa katika enzi ya magari yanayoongozwa na kompyuta hawajaziona. Ndani ya kichumba chenye umbo la kengele mna pistoni inayopanda kadiri injini inavyovuta hewa, na chini yake hutoka sindano ndefu iliyochongoka inayoingia katika jeti, yaani tundu jembamba la petroli, hivyo pistoni ikipanda sindano huchomoka na petroli huongezeka. Pistoni inapoinuliwa kwa kidole na kuachiwa sharti ianguke yenyewe hadi chini ikisikika tak. Ikikwama, kichumba husafishwa kwa kitambaa na mafuta ya taa, wala hakiguswi kwa msasa, kwa sababu nafasi iliyopo baina yake na pistoni ndiyo kabureta yenyewe. Juu yake huwekwa oili nyepesi ya daraja la 20 ili pistoni isirukeruke mguu unapokanyaga mafuta, na katika gari hili oili hiyo haikuwamo hata tone. Nati ya kurekebishia jeti hukazwa hadi juu kabisa kisha hulegezwa mizunguko miwili na nusu, nacho ndicho kipimo cha kuanzia. Moja ya kabureta hizi ilikuwa imelegezwa mzunguko mmoja na ushei tu. Mwandishi alizirejesha zote kwenye kipimo, akairudisha cheche nyuma, kisha akazisawazisha kwa kuweka mpira mwembamba baina ya sikio na koo la kila kabureta mpaka mvumo ukalingana, injini ikiunguruma mizunguko 750 kwa dakika. Vipo vyombo vya kupimia jambo hilo, naye anavyo, ila sikio lilimaliza mapema.

Mkono mwingine, pengine si uleule, ulikuwa umeondoa thamostati, kifaa kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto lake. Desturi hii imeenea Afrika Mashariki yote, na mwandishi ameipinga maisha yake yote ya kazi bila mafanikio makubwa. Wanaoiondoa hudhani wanaipoza injini, kumbe wanaifanya iunguze petroli ikiwa baridi na kula ringi zake. Katika L24 madhara ni zaidi, kwa kuwa kichwa cha injini ni cha aluminiamu na bloku ni ya chuma, metali mbili zinazotanuka kwa viwango tofauti na ambazo, zikikutanishwa na maji matupu ya bomba, huozeshana, ndiyo maana kichwa kilipofunguliwa njia za maji zilikuwa zimeliwa. Kilisawazishwa kwa mashine, thamostati mpya ikawekwa, na maji yakachanganywa na dawa ya kuzuia kutu. Wanagenzi wawili wa gereji waliitwa kushuhudia hatua moja tu ya kazi hiyo: kabla ya kuitoa gia ya kamshafti, kabari ya mti iliyochongwa vizuri hushushwa kati ya pande mbili za cheni ili kikaza-cheni kisifyatuke, kwani kikishafyatuka, sehemu yote ya mbele ya injini hufunguliwa kwa ajili ya kukirudisha.

Umeme haukuwa na mengi. Kiwanda kilipitisha umeme wote wa taa kubwa katika swichi ya usukani na boksi la fyuzi, ambalo lilikuwa limeyeyuka, na dawa yake, inayojulikana na kila fundi wa waya, ni kuongeza rilei ili swichi ibebe umeme mdogo tu. Joto la Mombasa lilidai jambo la ziada, nalo ni kufunika bomba la petroli linalozunguka mbele ya injini, kwa sababu gari likizimwa adhuhuri petroli iliyomo hugeuka mvuke na injini hukataa kuwaka mpaka ipoe.

Bodi iliwagawa mwandishi na rafiki zake wapendao magari ya kale. Vizingiti vya milango vilikuwa vimejaa vumbi jekundu la bara, ambalo pale lilikaa kavu bila madhara lakini hewa ya chumvi ingelifanya tope la kulisha kutu, kwa hiyo vilitobolewa, vikaoshwa na kunyunyiziwa nta. Chini ya betri, mahali ambapo 240Z nyingi huoza, bati lilikatwa na jipya kuchomelewa. Rafiki hao walitaka kila kiraka cha zamani kiondolewe ili gari lirudi lilivyokuwa kiwandani. Mwandishi alikataa kukiondoa kiraka kimoja cha sakafuni, kilichochomelewa kwa gesi na mtu aliyejua kazi yake, mshono wake ukiwa umenyooka kuliko wa kiwanda, na kiraka hicho kingalipo. Dashibodi, iliyopasuka kwa jua, nayo haikubadilishwa. Mpya zinauzwa ng'ambo kwa bei ambayo mtu anayeishi kwa kutengeneza matatu za wenzake hawezi kuitetea mbele ya mkewe, na kifuniko cha zulia kilichokatwa na fundi wa viti wa Bondeni kinaficha nyufa zote isipokuwa ule wa karibu na saa, ambayo nayo haifanyi kazi.