Meli ya Liemba na Abiria Wake

Katika meli za abiria zilizoundwa Ulaya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, chache mno zimesalia, na hizo chache aghalabu zimefungwa gatini kama vitu vya makumbusho. Titanic, ambayo kila mwanafunzi amesikia habari zake, haikumaliza hata safari yake ya kwanza mwaka 1912. Mwaka uliofuata, katika mji wa Papenburg nchini Ujerumani, kiwanda cha Meyer kiliunda meli nyingine, ndogo sana ikipimwa kwa ile, urefu wake ukiwa mita 71 tu. Hiyo ilikuwa ingali ikichukua abiria karne nzima baadaye, wala si baharini, bali katika Ziwa Tanganyika. Leo huitwa Liemba. Jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Götzen.

Mimi ni mzaliwa wa Mabawe, wilayani Ngara. Kwetu ni vilima na migomba. Maji makubwa tuyajuayo ni mito ya Ruvubu na Kagera, na chombo kikubwa tulichokijua utotoni kilikuwa mtumbwi. Msomaji ana haki ya kuniuliza mtu wa vilimani ana neno gani la kusema juu ya meli. Neno langu linaanzia katika lile jina la kwanza. Mwaka 1894 Gustav Adolf von Götzen alifika kwenye maporomoko ya Rusumo, mahali ambapo siku hizi pana daraja baina ya Ngara na Rwanda, akavuka mto, akaonana na Mwami Rwabugiri, akaendelea hadi Ziwa Kivu na kisha kutokea Bahari ya Atlantiki. Mtu huyo huyo akawa gavana wa koloni tangu mwaka 1901 hadi 1906. Chini ya amri yake majeshi yaliwakabili watu wa Maji Maji kwa kuchoma mashamba na maghala, hata njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Basi kabla ya meli hiyo kuwako, aliyeipa jina alikwisha kupita mlangoni kwetu.

Habari ya kuundwa kwake ni ya ajabu, nami sitaki kuipunja. Meli iliunganishwa Papenburg, ikafunguliwa tena kipande kipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, kisha ikaelekezwa Kigoma, ambako reli ilifika mwaka 1914. Mafundi watatu wa Kijerumani, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, waliisimamia kazi ya kuiunganisha upya. Vitabu nilivyovisoma vinayataja majina hayo matatu kwa heshima, na wanastahili. Lakini havitaji hata jina moja la Mwafrika au la Mhindi aliyebeba sanduku au kupiga ribiti chini ya jua la Kigoma, kana kwamba chuma kilijipanga chenyewe. Februari 1915 ikashushwa majini, vita vikiwa vimekwisha kuanza, na meli iliyokusudiwa watu na mizigo ikavikwa mizinga. Mzinga wake mkubwa ulitoka katika manowari Königsberg. Ulipohitajiwa nchi kavu uliondolewa, na mahali pake ukawekwa wa mti ili kumtisha adui. Tarehe 26 Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wakiuacha mji wa Kigoma, mafundi wake waliipaka mitambo grisi nzito na kuizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Wabelgiji waliiibua, dhoruba ikaizamisha tena. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na grisi ile ilikuwa imefanya kazi yake. Mei 1927 ilianza safari mpya kwa jina la Liemba, ambalo Livingstone alilisikia mwaka 1867 likitumiwa na wenyeji wa kusini kuliita ziwa lao.

Hapa ndipo wasimulizi wengi huweka kalamu chini. C. S. Forester alitunga riwaya yake The African Queen mwaka 1935, ikafanywa filamu mwaka 1951, na wageni wengi waliokuja Kigoma wakiitafuta Liemba walikuwa kwa kweli wakiitafuta filamu hiyo. Sina ugomvi na riwaya. Ninachokikataa ni ile desturi ya kuihesabu miaka miwili ya vita kuwa ndiyo maisha ya meli, na miaka tisini ya abiria kuwa ni kiambatisho. Kwa rai yangu kinyume chake ndicho sahihi. Vitani meli hii ilifanya machache. Katika amani ilifanya kazi ambayo barabara haikuiweza: kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia, ilisimama mbele ya vijiji vingi ambavyo havikuwa na njia nyingine ya maana ya kuufikia ulimwengu, ikawachukua wagonjwa, walimu, maharusi, magunia ya dagaa, mahindi, mafuta ya mawese na mananasi.

Nilisafiri nayo mara moja nikiwa mwanafunzi, kutoka Kigoma hadi Kasanga, daraja la tatu. Vijiji vingi havina gati. Meli hupiga honi, husimama mbali kidogo na pwani, na kabla maji hayajatulia mitumbwi na mashua huizunguka zikigombea ubavu wake. Usiku wa kwanza nilisimama kwenye mlango wa ubavuni nikatazama watu wakipanda: mtoto akatolewa kwanza, kisha godoro, kisha kuku, kisha mama mwenyewe, akishikwa mikono na watu asiowajua na kusukumwa kutoka chini na watu asiowaona. Hakuna aliyeanguka. Nilistaajabu kuliko walivyostaajabu wao.

Karibu yangu alilala mwanamke wa makamo, mfanya biashara ya dagaa, aliyekuwa akimgombeza kijana wa mizigo kwa Kiha. Nilicheka kwa kuwa nilimwelewa, nikamjibia yule kijana kwa Kihangaza.

"Wewe mwanangu ni Mrundi?" akaniuliza.

"Hapana, mama. Mimi ni Mhangaza, wa Ngara."

"Basi ni yale yale," akasema, akanisogezea mkeka.

Alisema kwamba alianza kupanda Liemba akiwa mgongoni kwa mama yake, ilipokuwa bado ya mvuke, na kwamba mwanawe wa pili alizaliwa humo baina ya vijiji viwili, akiandikishwa katika kile kilichofuata. Nilimweleza juu ya von Götzen. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza msomi, kisha akauliza: "Huyo naye alikuwa akipakia nini?" Sikuwa na jibu lililo fupi.

Swali lake lilinirudia kila nilipokumbuka yaliyotupata nyumbani. Oktoba 1993, alipouawa Rais Melchior Ndadaye, Warundi waliingia Ngara kwa miguu, na wengine walipita Mabawe wakiwa na vyungu vichwani. Miezi sita baadaye, mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja, wakapiga kambi Benaco. Ilikuwa miaka mia kamili tangu von Götzen alipopita hapo akielekea upande wa pili. Nilikuwa mtoto, nami nakumbuka jinsi kuni zilivyokwisha vilimani. Yeye safari yake aliandikia kitabu, kikatoka mwaka uliofuata. Hawa walihesabiwa tu.

Na Mei 2015 zamu ikaifikia meli. Warundi waliokimbia machafuko walijaa Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, makumi ya maelfu yao, na kipindupindu kikawafuata. Njia ya kutoka ilikuwa ama kupanda mlima kwa miguu ama kwenda kwa maji. Liemba ikatumwa. Ilisimama mbali na ufuko kama ilivyozoea, mitumbwi ikawaleta watu ubavuni, ikawachukua mia sita hivi kwa safari hadi Kigoma, ikarudi, ikachukua wengine. Mwaka ule ule meli ilitimiza miaka mia moja tangu kushushwa majini. Miaka michache baadaye ikasimamishwa kwa matengenezo.

Baadaye nilizungumza na mzee mmoja aliyekuwa katika kambi ya Nyarugusu, naye tulielewana kila mtu kwa lugha ya kwao. Alikuwa miongoni mwa waliochukuliwa Kagunga. Nilimwuliza kama aliijua meli ile ni meli gani. Alisema hakuliuliza jina lake. Alipofikishwa juu na kuwekwa penye nafasi, alimwuliza baharia jambo moja tu: inageuza kichwa kaskazini au kusini? Baharia akamwambia kusini, ndipo akaketi.