Kabanga Yenye Saa Mbili

Saa sita mchana ya Kabanga ni saa tano ya Kobero, Burundi, na kati ya pande hizo mbili kuna mpaka tu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mama ntilie nikisubiri ndizi na maharage, simu ikadaka mnara wa Burundi na saa ikarudi nyuma. Sahani ilipofika, simu ilikuwa imesharejea Tanzania. Mama akacheka aliponiona nikiigonga-gonga. "Hapa, mwanangu," akasema, "ukipewa miadi, uliza kwanza ni saa ya upande gani."

Kabanga iko wilayani Ngara, kwenye kona ya magharibi ya mkoa wa Kagera, juu ya vilima vya migomba na kahawa. Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara utapita Lusahunga na Nyakahura, wilayani Biharamulo, na kufika Nyakasanza, njia inapogawanyika: malori ya Rwanda yanaendelea Rusumo, ya Burundi yanakunja kuja huku. Watalii wengi hawafiki. Nadhani wanakosa.

Mimi nilifika nikiwa na Tokyo kichwani. Kule niliingia jumba la sanaa ya kidijitali la teamLab, kundi la wasanii, wahandisi na waandishi wa programu lililoanza kazi mwaka 2001. Jumba lao la Borderless lilikuwa kwanza Odaiba, kuanzia 2018 hadi 2022, na Februari 2024 likafunguliwa upya Azabudai Hills, katikati ya jiji. Ndani ni giza, na gizani kuna maua, maji na vipepeo vya mwanga vinavyorushwa ukutani na sakafuni kwa projekta. Picha hizo si filamu iliyorekodiwa. Kompyuta inazichora papo hapo huku vihisio vikifuatilia waliomo ndani, kwa hiyo ulichokiona hakirudi tena jinsi kilivyokuwa. Kipepeo anatoka chumba kimoja, anakatiza ujia, anaingia chumba cha pili na kuruka juu ya kazi nyingine kabisa. Ukimgusa, anakufa. Kuna maporomoko yanayoteremka ukutani hadi sakafuni. Ukisimama katikati yake, maji yanagawanyika na kukuzunguka kama vile wewe ni jiwe. Kwenye chumba cha chai ua linachanua ndani ya kikombe chako, na linaendelea kuchanua mradi chai haijaisha.

Nilivutiwa, sikatai. Chai ile ningeirudia hata leo. Lakini nilitembea vyumba vyote vile bila kuzungumza na mtu. Kila mgeni alikuwa ameinua simu, akimpiga picha kipepeo ambaye mwenzake alikuwa anamuua.

Kabanga nayo inakujibu unapotembea, ila wanaokujibu ni watu. Pale mpakani kuna kituo cha huduma za pamoja: maofisa wa nchi mbili wako chini ya paa moja, na msafiri anasimama mara moja badala ya mbili. Anayeingia Tanzania anagongewa mihuri yote upande wa Kabanga. Anayekwenda Burundi anamalizia mambo yake Kobero. Nje ya uzio wapo mawakala wa forodha wenye mafaili kwapani, wabadilisha fedha wenye mabunda ya faranga, utingo waliolala kivulini chini ya matela na vijana wa bodaboda wanaokuita "mzee" hata kama mvi hujaanza kuzipata. Lori likivuka linahama upande wa barabara, kwa kuwa Tanzania tunaendesha kushoto na Burundi wanaendesha kulia. Nilikaa muda mrefu nikitazama hilo tu. Sikulipa kiingilio.

Saa zimebadilika, fedha zimebadilika, upande wa kuendesha umehama, na lugha imebaki palepale. Kihangaza cha Ngara na Kirundi cha Muyinga, ng'ambo ya mpaka, vinasikilizana vizuri mno. Nimemwona mama muuza parachichi akibishana bei na mteja kutoka ng'ambo, na hakuna aliyehitaji kutafsiriwa maneno. Mstari wa mpaka ni mgeni kuliko wao. Zamani pande zote hizi zilikuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji wakapatana mwaka 1919 namna ya kugawana, na Bugufi, nchi ya Wahangaza, ikaishia Tanganyika ilhali jamaa zao wakabaki Urundi. Wasanii wa Tokyo wametumia kompyuta nyingi kutuonyesha kitu kinachopita mpaka bila kuuona. Kule Kabanga wanafanya hivyo kila siku ya soko, na tenga la parachichi kichwani.

Ardhi yenyewe ina mali. Nikeli ya Kabanga iligunduliwa miaka ya 1970, ikalala miongo mingi, na Januari 2021 serikali ikatia saini mkataba ulioizaa kampuni ya Tembo Nickel, nchi ikiwa na hisa asilimia 16. Nikeli huingia kwenye chuma kisichoshika kutu na kwenye betri. Wenyeji wanauzungumzia mgodi jinsi watu wanavyouzungumzia mvua iliyochelewa, kwa hiyo sikuuliza sana.

Kama una siku ya ziada, nenda Rusumo. Ruvubu inayotoka Burundi inakutana na mto unaotoka Rwanda, na Kagera iliyoungana inaporomoka kiasi cha mita 15 karibu na daraja. Maporomoko haya hayampishi mtu. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao robo milioni waliokimbia Rwanda walivuka hapa kwa siku moja hivi, wakapokewa kwenye kambi ya Benaco, na mwaka uliofuata Radio Kwizera ikaanzishwa Ngara kwa ajili ya wakimbizi. Hadi leo redio hiyo ipo. Maji nayo yamepewa kazi. Kituo cha umeme cha Rusumo kinazalisha megawati 80, na Tanzania, Rwanda na Burundi wanagawana sawa, kwa hiyo taa inayowaka Ngara na ile ya Muyinga zinaweza kuwa zinapata umeme kutoka mashine moja.

Nenda asubuhi, kabla foleni ya malori haijajaa darajani. Beba kitambulisho, beba sweta, na kabla ya kuinua simu kupiga picha, waombe ruhusa askari wa pale. Halafu angalia ni saa ngapi, na ni ya upande gani, usije ukaachwa na gari la kurudi.