Fundi Hakuiba Saruji

Fundi aliyenijengea baraza hapa Mpanda hakuiba saruji. Mimi ndiye niliyeeneza kwamba ameiba: dukani, kijiweni kwa bodaboda, hata nje ya kanisa baada ya ibada. Nikamnyima na hela yake ya kumalizia. Wakati wote huo nilijua kilichokuwa chini ya baraza lile, maana nilikifukia mwenyewe.

Kiwanja changu kiko upande wa Kawajense. Aliyeniuzia alikuwa amekata miti zamani, akaacha visiki vya mitundu na mininga. Vingine mvua ilikuwa imevifunika kwa udongo, unavijua ukishajikwaa. Nikaita kijana wa kibarua. Alikizunguka kisiki kimoja cha mninga, akakipiga mtaimbo ubavuni, mtaimbo ukamrudi.

"Mwalimu, hiki si cha kumaliza leo," akasema. "Nifungue shimo pana, nikate mizizi ya pembeni kwa shoka, ndipo tuutafute huu wa katikati. Na huu wa katikati unakwenda chini kwelikweli."

Akataja bei kwa kisiki. Nilipopiga hesabu ya visiki vyote nikaona bati za nyumba nzima zinaniponyoka. Nikamwambia avikate usawa wa ardhi, nikaagiza lori la moramu, tukasawazisha. Uwanja ukapendeza, wapita njia wakawa wananipongeza.

Cha aibu zaidi, kazi yangu ni kufundisha historia. Kila mwaka nawaeleza wanafunzi ule mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kugusa Kongwa, Nachingwea na Urambo, hapo kwa majirani zetu wa Tabora. Walileta matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita, wakaangusha miti. Mizizi iliyobaki ardhini ikawavunjia majembe. Ukiongeza na ukame, mwaka 1951 mpango ukafutwa. Wanafunzi hucheka, na mimi hucheka nao.

Fundi aliuliza kabla ya kumwaga zege. "Mwalimu, hapa chini pakoje? Hamna visiki?" Nikamjibu pako safi. Akashauri tupige dawa ya mchwa kwanza. Nikamwambia amwage tu.

Mtundu ukishakufa ni chakula cha mchwa, hauna ubishi. Mninga wao huutafuna nyama ya nje, lakini kiini kinawashinda, ndiyo maana watu huku hulalia vitanda vya mninga mpaka wanarithisha wajukuu. Kwa hiyo chini ya zege langu, palipokuwa na mtundu pakawa pango, palipokuwa na mninga pakabaki nguzo. Mvua za Novemba zilipoingia, moramu ikalowa na kudidimia mapangoni. Zege likabaki limeegemea mninga upande mmoja, upande wa pili halina kitu. Likapasuka kuanzia mlangoni hadi kwenye ngazi.

Dalili nilikuwa nimeiona, tena nimeila. Ubavuni mwa baraza uliota uyoga, ule mkubwa wa vichuguu unaouzwa kwa mafungu barabarani mvua zinapoanza. Mke wangu akauchuma, tukaula na ugali, nikasifu kiwanja chenye baraka. Uyoga ule huota kwenye masega ambayo mchwa huyatengeneza kwa miti waliyoitafuna. Mama mmoja jirani alinitania kabisa: "Mwalimu, siku hizi unafuga mchwa?" Nikacheka.

Ufa ulipotokea nikaita fundi mwingine aje kuthibitisha kwamba mchanganyiko ulipunjwa. Akagonga nyundo: zege gumu, kokoto zimeshikana vizuri. Akavunja kipande, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa donge la kijivu, jepesi kama sifongo kavu, lina mchwa weupe wanaokimbia mwanga. Hakusema neno. Mimi ndiye niliyesema: "Haya tuyaache hapahapa." Nikamlipa hela ya usumbufu, na kwa muda mrefu baada ya hapo nikaendelea kumwita yule wa kwanza mwizi.

Sasa visiki vinachimbwa, kwa bei ileile ya yule kijana, pamoja na gharama ya kuvunja zege. Hela ya fundi nimempelekea kwake. Akaihesabu, akaitia mfukoni, akauliza, "Na kule dukani umewaambia?"

Dukani nimewaambia. Kijiweni pia nimewaambia, wakanicheka, haki yao. Nje ya kanisa bado, na ninaandika haya kwa kuwa najua nitatafuta sababu ya kuchelewa tena Jumapili. Lakini yuko bwana mmoja wa Makanyagio aliyekuwa ampe fundi huyo nyumba nzima, msingi hadi paa. Alisikia maneno yangu, akampa mtu mwingine. Nilipomfuata kumweleza ukweli alinisikiliza vizuri tu, kisha akanionyesha kazi: nyumba imeshafika kwenye lenta.